Mvusha Watoto na Kura ya Uwanja

Jina lake sitalitaja. Si kwamba nimelisahau. Nalijua kwa urefu wake wote, na nimeliandika kwa mkono wangu kwenye fomu ambayo ningefurahi kusikia imeliwa na panya. Watu wetu hapa Herndon, Marekani, humwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwalimu mkuu huko Tanzania kabla ya kustaafu na kumfuata binti yake. Watoto wanamjua kwa kazi yake ya hapa. Asubuhi na alasiri husimama kwenye njia panda iliyo mbele ya shule ya msingi, kizibao cha kung'aa kifuani na kibao chekundu mkononi, akisimamisha magari ili watoto wavuke. Mimi nitamwita Mvusha, maana siku hizi watu wetu wanaogopa hata majina yao wenyewe.

Nianze na woga wake, kwa kuwa ndio uliomfanya ajulikane. Sijapata kuona mtu mzima mwoga kama yule. Mbwa anawaogopa, lifti anaziogopa, na kengele za milango zenye kamera anazizunguka kwa mbali. Kwenye sherehe huketi karibu na mlango, na kabla ya kuketi huuliza kama kuna mlango mwingine. Hati zake zote anazibeba mwilini: kadi ya kijani ya ukaazi, leseni, bima, zote ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya koti, na koti limefungwa kwa pini upande wa ndani. Barua ya serikali ikifika haifungui siku hiyo. Anaiweka juu ya friji ilale kwanza.

"Ipoe," aliniambia nilipomuuliza.

"Barua inapoaje, Mwalimu?"

"Sijui, Mama Zuhura. Labda mimi ndiye ninayepoa."

Asubuhi moja polisi wa mji alipunguza mwendo penye njia panda, akateremsha kioo na kumsalimia. Mvusha alinijia mbio, kibao bado amekiinua.

"Alitaka nini?" nikamuuliza.

"Amesema habari za asubuhi."

"Basi ni salamu tu."

"Ndiyo. Lakini alitaka nini?"

Nilicheka, na kwa mwezi mzima nilimsalimia kwa swali hilo. Mimi ni mtu wa Mombasa, mdomo wangu hauna pazia. Leo sicheki tena, na nitaeleza kwa nini.

Mtu huyohuyo, mpe kibao, utamshangaa. Niliona kwa macho yangu gari kubwa la mizigo likija mbio, dereva kainamia simu yake, na watoto sita wako katikati ya barabara. Mvusha hakurudi nyuma. Aliwapita watoto, akasimama mbele ya gari na kuinua kibao, akatulia hapohapo. Breki zililia, na bamba la mbele likasimama karibu kabisa na goti lake. Alimtazama yule dereva jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa, kisha akawaambia watoto waendelee. Wazee husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilimuuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili. Akasema pale barabarani hana nafasi ya kuogopa, yuko kazini.

Kitu kingine ni ukweli wake, ambao ulikuwa unachosha. Hata uongo wa heshima hakuujua. Siku ya Idi nilimwalika, nikapika pilau, akaonja mbele ya wageni na kusema, "Mchele umeiva kupita kiasi. Lakini nitaumaliza." Na akaumaliza. Wakati mmoja alichelewa kazini dakika kumi kwa sababu ya basi, na hakuna aliyemwona. Alimwandikia msimamizi wake barua kuungama. Msimamizi hakujua la kuifanya ile barua. Binti yake, ambaye ni muuguzi msaidizi, alinilalamikia kwamba kuishi na baba yake ni sawa na kuishi na hakimu. Wakati huo tulidhani huo ni upungufu mdogo wa mzee mwema.

Sasa nifike kwenye shule, maana bila shule hakuna hadithi.

Jengo lilikuwa kuukuu. Mvua ikinyesha, ndoo zilipangwa maktaba, na watoto walijua kuzikwepa bila kuangalia chini. Madarasa hayakutosha, kwa hiyo nyuma kulikuwa na safu ya vibanda vya mabati, vimewekwa kwa muda, na muda wenyewe ulikuwa umezidi umri wa watoto waliokuwamo. Uwanja ndio ulikuwa aibu kubwa zaidi. Kuanzia vuli hadi masika ulikuwa tope tupu, na watoto wa mbio walifanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari. Hapo ndipo binti yangu Zuhura alipoteleza akavunjika kifundo cha mkono. Mvusha alikimbia kutoka njia panda, akavua lile koti lake la pini, akalikunja na kuuegemeza mkono wa mtoto juu yake mpaka nilipofika kutoka hotelini ninakofanya kazi. Hati zake zote zilikuwa mle ndani, na hakuzikumbuka hata kidogo. Tangu siku hiyo akawa mtu wetu.

Mwaka huo kaunti ilitangaza kwamba Novemba, pamoja na uchaguzi, wananchi wataulizwa kuhusu bondi ya shule. Watu wetu hawakuelewa. Tulikutana sebuleni kwa Mama Beni, jirani yetu Mkongomani, nikajaribu kueleza na kuwachanganya zaidi. Ndipo Mvusha aliyekuwa mlangoni akasimama.

"Ni mkopo," akasema. "Kaunti inataka kukopa ijenge madarasa na uwanja, halafu mkopo ulipwe pole pole kwa kodi zetu. Lakini haiwezi kukopa kabla ya kuwauliza wenye mji. Wengi wakikubali, inajenga. Wakikataa, tunabaki na ndoo."

Kisha akatusimulia jinsi walivyojenga madarasa matatu kwenye shule yake ya mwisho kule nyumbani. Kila kaya ilileta mawe na mchanga. Kulikuwa na bibi mmoja mgeni, amehamia kutoka mbali, hana hata kiwanja, akaja na jiwe moja kichwani. Mwenyekiti wa kamati hakumuuliza katoka wapi wala ana karatasi gani. Alimuuliza kama ana mtoto anayesoma pale. Bibi akasema ana mjukuu. Basi akapewa nafasi kwenye mkutano, na mkono wake ulihesabiwa pamoja na mikono mingine.

"Jengo la shule ni la anayeishi kando yake," Mvusha akamaliza. "Huku hawaombi mawe. Wanaomba alama kwenye karatasi."

Sote tulitikisa vichwa kukubali. Hata mimi, ambaye nilikuwa nimeapa kiapo cha uraia na kufundishwa sheria, nilitikisa kichwa. Ni Mama Beni pekee aliyeguna.

"Bon, miye sivoti," akasema. "Miye niko na papie ya mukimbizi tu. Batanituma hata karatasi, sitaishika. Kwetu, karatasi ikikuja yenyewe kukutafuta, unaikimbia."

Tulimcheka. Lakini alitembea nasi nyumba kwa nyumba, akigawa vikaratasi na maandazi. Mvusha alijificha nyuma yetu kila mlango ulipogongwa, na mbwa akibweka alikuwa tayari amefika barabarani. Ila mwenye nyumba akianza kuuliza kuhusu uwanja, Mvusha alijikuta yuko mbele, anaeleza maji yanasimama wapi na kwa nini, mikono yake ikichora hewani. Alikuwa amepima tope lile kwa hatua zake mwenyewe.

Siku ya kura nilimpitia kwa gari. Nasema tena ili isije ikasahaulika: mimi ndiye niliyempitia, kwa gari langu, na mimi ndiye niliyempigia simu kumhimiza ajiandae. Alitoka amevaa suti ya kijivu na tai. Kituo kilikuwa ukumbi wa michezo wa shule yenyewe, na mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo tulipanga foleni kando ya ndoo. Alipofika kwa karani alifungua pini, akatoa bahasha, akatoa mfuko, na kutoka kwenye mfuko akatoa kadi ya mpiga kura iliyomfikia kwa posta. Karani alilipata jina lake kwenye orodha na kumpa karatasi. Alikaa kwenye kijimeza cha kupigia kura muda mrefu sana.

Tulipokuwa tunarudi, niliwauliza wote wawili, yeye na Mama Beni aliyetusubiri garini, kama wana njaa. Mvusha hakusikia swali. Alikuwa anatabasamu peke yake.

"Nimejaza kiduara kimoja tu," akasema. "Cha shule. Yale majina ya wanasiasa nimeyaacha. Hayo ni ya wenyewe."

Nilidhani ni unyenyekevu wa mzee. Nilimwambia Mwalimu una mambo, nikawasha redio. Mpaka leo sentensi ile inanirudia nikiwa napanga funguo za vyumba kazini. Aliniambia kila kitu, kwa Kiswahili chepesi, na mimi niliongeza sauti ya redio.

Bondi ilipita. Mafundi walikuja na mashine, wakazungusha uzio, vibanda vya mabati vikapakiwa na kuondoka. Mvusha alikuwa akimaliza kuvusha watoto wa asubuhi, anashika uzio kwa vidole na kutazama uwanja ukichimbwa. Sijui kama nimewahi kumwona na furaha ya namna ile.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye alikuja jikoni kwangu Jumamosi mchana na fomu ya kuomba uraia. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, lakini fomu anaziogopa, akaomba mimi nisome naye ajibu. Tulienda vizuri. Jina, anwani, kazi, safari. Nilikuwa nasoma huku nakatakata vitunguu vya mchuzi, sina wasiwasi wowote. Nikafika kwenye maswali ya ndiyo na hapana.

"Je, umewahi kupiga kura katika uchaguzi wowote Marekani?"

"Ndiyo," akasema kwa fahari. "Si ulinipeleka?"

Niliweka kisu chini. Nilijua kwamba hajawa raia, maana fomu ya kuomba uraia ilikuwa mbele yangu. Na nilijua kwamba alipiga kura, maana nilikuwapo. Sijui ni vipi mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa kichwani mwangu muda wote ule bila kukutana.

"Mwalimu," nikasema, "nani alikuandikisha?"

Akaeleza. Alipokwenda kubadilisha leseni, skrini ilimuuliza maswali mengi, na mojawapo lilikuwa kama anataka kuandikishwa kupiga kura. Alikuwa amempa mhudumu kadi yake ya kijani, ikawekwa pale mezani, kila mtu anaiona. Akabonyeza ndiyo. Baada ya wiki chache kadi ikaja kwa posta. Aliiweka juu ya friji siku nne nzima. Kisha akawaza kwamba serikali iliyompa kadi ya kijani ndiyo iliyompa na hii, na serikali haiwezi kusahau ilichokiandika yenyewe.

"Kwani kuna kosa?" akauliza.

Nilimwambia asiye raia haruhusiwi, na kwamba watu wamerudishwa kwao kwa jambo hilohilo. Alianza kukusanya karatasi, moja moja, akizilinganisha kingo. Mtu aliyeogopa salamu ya polisi alikuwa amepita maisha yake yote akijilinda na mbwa na lifti, na hatari ilimjia kwenye jambo pekee alilolifanya bila woga.

Binti yake alitupeleka kwa wakili mmoja, katika mji jirani wa Alexandria. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema fomu isipelekwe. Alisema asisafiri nje ya nchi hata kwa msiba, kwa sababu wakati wa kurudi anaweza kuulizwa. Alisema kadi ya kijani ina mwisho wake, na siku ya kuibadilisha tuombe Mungu. Nikamuuliza je, waliompeleka mtu kupiga kura bila kujua nao wana kosa? Akaacha kumtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akasema inategemea nani anauliza na siku hiyo kaamkaje.

Hapa nina la kuungama, nami si mtu wa kuungama. Baada ya siku ile niliogopa kuonekana naye. Nilibadilisha njia. Badala ya njia panda yake nilimteremsha Zuhura upande wa nyuma, kwenye geti la mafundi, nikasema ni karibu zaidi na kazini. Si kweli, ni mbali zaidi. Zuhura aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini hatumwamkii tena Mwalimu. Nikamwambia afunge mkanda.

Na hofu ya maafisa wa uhamiaji ilikuwa mtaani kote, siyo kwangu tu. Gari lenye vioo vyeusi likiegeshwa karibu na shule, simu zote zinalia kwa ujumbe, na baada ya nusu saa inajulikana ni fundi wa mabomba. Kina mama waliokuwa wakisimama kupiga soga baada ya kengele sasa walikimbia. Mama Beni aliacha kufungua mlango hata kwangu mpaka niseme jina la mwanawe aliyezikwa Bukavu. Katikati ya hayo yote Mvusha aliendelea kusimama barabarani kila siku na kizibao kinachoonekana kutoka maili moja. Nilikuwa nampita kwa mbali, kichwa nimekiinamisha. Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu siku moja aliinua kibao kunisalimia halafu akakishusha haraka, kama aliyekumbuka kwamba si vizuri kunijua.

Jumapili iliyopita uwanja ulifunguliwa. Nyasi ni kijani kibichi, njia za mbio ni nyekundu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha bila kuacha dimbwi hata moja. Zuhura na wenzake walikuwa wanakimbia. Wazazi walijaa ndani. Nilimkuta Mvusha nje ya uzio, ingawa geti lilikuwa wazi, amevaa ile suti ya kijivu. Miguu yangu ilitaka kugeuka, nikaikatalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Mkono wa mtoto umepona kabisa?"

"Umepona."

"Maji yanakwenda vizuri," akasema, akionyesha uwanja kwa kidevu. "Wameweka mfereji pale nilipowaambia."

Tulitazama watoto kidogo. Kisha akaniambia kwamba kadi yake ya kijani inakwisha, ameomba nyingine, na barua imekuja. Ameitwa Alhamisi kuchukuliwa alama za vidole. Barua hii hakuiweka juu ya friji.

"Nitakupeleka," nikasema. Ilinitoka bila kufikiri, na nilifurahi ilivyotoka.

"Hapana. Binti yangu atanipeleka. Na wewe nina neno nawe." Alitazama kushoto na kulia. "Siku ile ya kura nilikuja kwa miguu."

"Nilikuleta kwa gari, Mwalimu. Na Mama Beni alikuwamo."

"Mama Beni nimeshaongea naye. Nilikuja kwa miguu. Kutoka kwangu mpaka hapa ni dakika ishirini, mzee wa umri wangu anaweza. Ukiulizwa na mtu yeyote, hukunileta. Sema."

Nilimwambia yeye hajawahi kusema uongo, hata wa pilau.

"Wakiniuliza mimi kama nilipiga kura, nitasema ndiyo. Hilo ni langu, nami sitalikana," akasema. "Lakini wewe una mtoto anayekimbia pale. Sema."

"Ulikuja kwa miguu."

"Unatazama chini. Nitazame usoni. Tena."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yametulia, kama siku ile mbele ya gari la mizigo. Nikasema tena, sauti ikakatika. Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti hiyo hata mtoto atajua, turudie, na tusivute pumzi kabla ya kujibu. Watu walikuwa wanapiga makofi upande wa pili wa uzio. Nilirudia, akanisahihisha, nikarudia. Mara ya tano maneno yalitoka laini, bila kutetemeka, kama jambo ambalo kweli lilitokea.

"Vizuri," akasema.

Nikamwambia angalau leo nimrudishe nyumbani, gari lilikuwa palepale karibu na geti. Akakataa. Akavuka barabara na kushika njia ya nyumbani, taratibu, kwa miguu.